Mashimo ya Babu

Karatasi pekee inayomtaja babu yangu mzaa baba ni kipande cha kazi cha shamba la mkonge, na karatasi hiyo haisemi kweli. Ina visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi, na 19 kati yake vimetiwa alama kwa wino ambao sasa umegeuka rangi ya kahawia. Vilivyobaki viko wazi. Manamba, yaani kibarua wa mkonge, alilipwa alipotimiza siku zote 30, kwa hiyo kipande hiki hakikulipwa, na ndiyo maana kilibaki nyumbani badala ya kurudishwa ofisini. Mahali pa jina ameandikwa jina lake la Kiislamu, likafuatiwa na "Songea", kana kwamba ule mji ndio uliomzaa. Mahali pa kabila pameandikwa "Mngoni".

Tulikua tukijua kwamba sisi ni Wangoni wa Muheza. Bibi ni Mbondei, na baba na ndugu zake walilelewa kwa Kibondei na Kiswahili, kwa hiyo tulikuwa Wangoni tusiojua hata salamu ya Kingoni. Hilo si jambo la ajabu mkoani Tanga. Kila palipokuwa na kambi ya mkonge wapo Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde na Warundi wa aina yetu, ambao kabila lao ni kitu cha kutaja msibani na kwenye harusi, basi. Babu alifariki mwaka 1984, nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nilipokuja kupata akili ya kuuliza, hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua wala picha ya kabla ya Uhuru. Palikuwa na kipande, bibi, shangazi zangu, na jambo moja nililoliona utotoni bila kujua kuwa ni ushahidi.

Kwanza niseme kidogo jinsi alivyofika. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyonusurika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Nusu karne baadaye mashamba yalikuwa yametanda kuanzia Tanga hadi Korogwe, yakihitaji maelfu ya mikono ambayo wenyeji hawakuwa na haja ya kuitoa, maana walikuwa na mashamba yao. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza na wenzao walikosa nyuzi za kutengenezea kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuwakusanyia vibarua kutoka mbali, ambacho manamba walikiita Silabu. Malori yakaanza kushuka kutoka nyanda za kusini na magharibi.

Karani wa kuandikisha vibarua hakuajiriwa kuhifadhi nasaba za watu. Wilaya ya Songea wakati ule ilikuwa kubwa mno, hata Mbinga yote ilikuwa ndani yake, na aliyepandia lori Songea akaandikwa Mngoni. Wangoni walikuwa na sifa ya ushujaa tangu enzi za vita vyao na Wahehe na baadaye Maji Maji, kwa hiyo vibarua wenyewe hawakuona sababu ya kumsahihisha karani. Mndendeule alipanda lori kwao akashuka Mngoni Korogwe, na Mmatengo vivyo hivyo. Kambi zikapangwa kwa makabila hayo ya kwenye daftari, watu wakaoana na kuzikana kwa makabila hayo, na baada ya miaka arobaini karatasi ikawa imezaa watoto na wajukuu.

Nililolishuhudia utotoni ni hili. Nyuma ya nyumba ya babu palikuwa na eneo dogo lenye mteremko, lisilofika hata robo ekari. Masika yalipokaribia kwisha alifyeka majani yote, akayaacha yanyauke siku chache, kisha akayapanga chini kwa mistari: mistari ya kushuka, halafu mistari ya kuikata ile ya kwanza, mpaka shamba zima likawa na miraba kama dirisha lenye nondo. Hapo aliingia katikati ya kila mraba na jembe. Alichimba udongo akiutupia juu ya majani, upande wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto, hadi majani yote yakafukiwa. Babu alikuwa mtu wa mkono wa shoto, na ukisimama mbele yake ilibidi ukae upande usiotarajia ili udongo usikupige usoni. Mwisho wake shamba lilikuwa mashimo matupu, kila shimo limezungukwa na kingo nene, na ndani ya kingo majani yanaoza taratibu. Juu ya kingo alipanda maharage. Mahindi alisubiri msimu uliofuata ndipo akayapanda palepale.

Muheza hakuna anayelima hivyo. Majirani walipita wakicheka, na watoto tulipenda yale mashimo kwa sababu mvua ikinyesha kila moja linakuwa bwawa lake. Bibi ndiye aliyekereka hasa. Kila mwaka babu alimaliza kupanga majani akamwambia aje achimbe, na kila mwaka bibi alikataa. Mara moja alimuuliza mbele ya wageni, "Baba fulani, haya makaburi yote ni ya nani?" Babu aliokota jembe akachimba mwenyewe, kimya. Ugomvi ule ulidumu maisha yao yote ya ndoa na hakuna aliyewahi kuueleza.

Nilipoanza kuuliza habari za ukoo, niligundua mapema kwamba swali linalotujia wote kwanza ndilo lisilofaa. Ukimuuliza mzee, "Babu yake babu aliitwa nani?" utapata moja kati ya mambo mawili: kimya, au jina lolote la kukuridhisha kwa kuwa umesafiri na nauli imekutoka. Wazee wetu hawahifadhi ukoo kama orodha. Wanaukumbuka kwa kazi yake: nani haruhusiwi kuoana na nani, nani alirithi shamba lipi, nani huitwa kwenye tambiko, nani alikula mahari ya nani. Kwa hiyo niliacha kuuliza majina, nikamuuliza bibi habari za posa yake.

Hapo alifunguka kwa mchana mzima. Alisema babu alikuja kuposa na wanaume watatu kutoka kambini. Kwao Muheza mwanamume asiye na ndugu haozeshwi, kwa hiyo manamba wenzake walisimama kuwa ndugu. Mmoja, Mbena, ndiye aliyekuwa mshenga. Wa pili alikuwa Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, na huyo alikaa kwenye mkeka mahali pa baba mzazi, ingawa bibi anaapa kuwa alikuwa mdogo kuliko babu. Mahari ilichangwa na kambi nzima kutoka kwenye mishahara ya vipande. Wanaume wale ndio tuliowaita babu wadogo. Watoto wao na watoto wa babu hawakuoana, kwa sababu walikuwa ndugu, na hadi leo harusi ya upande wao haifanyiki bila sisi kuwekewa sahani yetu.

Sasa nani awekwe kwenye mti wa ukoo? Kwa damu, wanaume wale hawamo. Kwa kila jambo lingine wamo, na bila wao bibi asingeolewa na mimi nisingekuwapo kuandika haya. Nimewaandika, kwa mstari wa nukta badala ya mstari mzima, na shangazi yangu mkubwa bado hajanisamehe zile nukta.

Bibi ndiye pia aliyekumbuka msiba vizuri kuliko sisi. Siku ya kumzika babu alikuja Mhehe mmoja, mpiga korona mstaafu (korona ni mashine ya kuchakata mkonge), akajitupa chini mbele ya jeneza akidai haondoki mpaka alipwe ng'ombe ambao marehemu aliwaiba Iringa. Watu wakacheka huku wanalia, wakachanga senti, akainuka, jeneza likapita. Ni utani wa Wahehe na Wangoni, uliotokana na vita walivyopigana kati ya mwaka 1878 na 1882. Utani huwa ni ushahidi mzuri kwa anayetafuta asili yake, kwa sababu ndani yake kuna kumbukumbu ya vita, ya safari au ya njaa ambayo makabila mawili yalipitia pamoja. Lakini kwa babu yangu utani ulifuata kipande. Mhehe yule alikuwa anamzika Mngoni aliyeandikwa na karani. Siku hizi nikisikia mtu anasema mila haidanganyi, namwambia inategemea mila hiyo ilianza kabla au baada ya daftari.

Kuhusu umri wa babu, bibi alikuwa na sentensi moja ambayo alikuwa ameirudia miaka yote bila sisi kuisikiliza: "Alisema mama yake alijifungua Wajerumani waliporudi." Nilimwambia labda anamaanisha walipoondoka. Akanikatiza. "Waliporudi, mjukuu wangu. Waliondoka, halafu wakarudi. Na mama yake akafa papo hapo kwa mafua."

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi vya shule. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mnamo Novemba 1917, na wengi tunafikiri ndiyo ilikuwa kwaheri. Lakini mwishoni mwa Septemba 1918 lilivuka tena kurudi, likapita maeneo ya Songea likielekea kaskazini, na homa kali ya mafua iliyokuwa inaua watu dunia nzima ilikuwa imekwisha kuwaingia askari na wapagazi wake. Tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Kati ya kurudi kule na mafua yale pana wiki chache tu. Kwa hiyo najua babu alizaliwa lini kwa uhakika zaidi ya watu wengi wenye vyeti vilivyoandikwa "Januari 1" na mwalimu aliyekuwa na haraka ya kujaza fomu.

Wanahistoria wetu walifanya kazi hii kabla yetu, kwa kiwango kikubwa. Bethwell Ogot alizitumia nasaba za Wajaluo kujenga historia ya karne kadhaa, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1967. Miaka miwili baadaye kikatoka cha Isaria Kimambo juu ya Wapare, kutokana na masimulizi ya wazee wa milimani. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi kwenye maeneo ya Vita vya Maji Maji kuwaandika waliokuwa bado hai. Mfano ninaoupenda zaidi unawahusu Wangoni wenyewe. Masimulizi yao yanasema walipovuka mto Zambezi na kiongozi wao Zwangendaba jua liligeuka giza. Wataalamu wa nyota walihesabu kurudi nyuma wakaipata siku hiyo, Novemba 1835. Hakuna aliyekuwa na kalamu mtoni pale, na bado tarehe ipo, kwa sababu tukio la watu wachache lilifungwa kwenye tukio lililoonwa na wote. Mzee akikwambia alizaliwa mwaka wa nzige, usimwone hajui mwaka. Katafute nzige walikuja lini huko kwao.

Mama yake babu hana jina. Tulidhani babu alilificha. Kumbe alifiwa akiwa mchanga, akalelewa na watu wengine, na hakuwahi kumwita mtu yeyote mama kwa jina hilo. Kwa hiyo kwenye mti wetu nafasi yake imeandikwa: "Mwanamke, alifariki kwa mafua, Oktoba au Novemba 1918." Kuna ndugu aliyependekeza tumpe jina zuri la Kingoni ili pasionekane pengo. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Kizazi kimoja kikipita, jina la kubuni linakuwa kweli, na mjukuu atakayekuja na nafasi nzuri zaidi ya kulitafuta la kweli hatajua kuwa pana kitu cha kutafuta.

Nilikwenda kusini mara ya kwanza kwa sababu nyingine kabisa, kazi ya gazeti, wakati wa kumbukumbu ya mashujaa wa Maji Maji. Kila tarehe 27 Februari Songea huadhimisha siku ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mwaka 1906, na kwenye Makumbusho ya Maji Maji kuna kaburi la pamoja la mashujaa 67 pamoja na orodha ya majina yao. Niliisoma yote, kama afanyavyo kila anayejiita Mngoni anapofika pale. Baada ya sherehe nilipata usafiri wa kwenda Mbinga kumwona mtu. Barabara ilianza kupanda, baridi ikaingia, mibuni ikatokea, na nyuma ya mibuni vilima vyote vilikuwa vimefunikwa na mashimo ya babu.

Wamatengo wanayaita ngolo. Yanashuka mlima mzima, miraba kwa mamia, mahali palipoinuka hivi kwamba mbuzi anafikiri kabla ya kupanda. Mvua inaponyesha kila shimo linapokea maji yake na kuyazuia, udongo hauporomoki, na majani yaliyofukiwa yanakuwa mbolea. Wenyeji wanasimulia kuwa mababu zao walikimbilia milimani karne ya 19 wakiwakimbia Wangoni, wakabanana kwenye miteremko, na kilimo hicho ndicho kilichowawezesha kuishi pale bila kuumaliza udongo. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu unaofuata. Na kupanga majani ni kazi ya mwanamume. Kuchimba na kufukia ni kazi ya mwanamke.

Niliporudi Muheza nilimweleza bibi hilo la mwisho. Alikaa akafikiri, akasema, "Sasa si angesema!"

Ndivyo tulivyotoka Ungoni, kwa jembe. Sina hati ya kuonyesha, na mtu mbishi anaweza kusema babu alijifunza ngolo kwa rafiki. Inawezekana. Lakini mtu hajifunzi ukubwani kazi ngumu namna ile, akaipeleka mahali pasipoihitaji, akaifanya kila mwaka huku mkewe anamzomea, kama haikuwa ndiyo maana ya shamba kichwani mwake tangu utoto. Mtu hubadili jina, dini na kabila kwa siku moja mbele ya karani, na mikono ikabaki na mazoea yake. Tangu hapo nikimhoji mtu juu ya asili yake huwa namwomba anionyeshe kitu: jinsi mama yake alivyosonga ugali, alivyofunga mzigo wa kuni, alivyochimba kaburi na kulielekeza wapi.

Kujua kabila ni jambo moja, kuupata ukoo ni jingine, na hapa kazi ilikuwa ngumu zaidi. Anayetaka kwenda kijijini kutafuta wa kwao aelewe kwamba hatapokewa kama kwenye filamu. Huko Mbinga ardhi ni finyu na kahawa ni fedha. Mgeni anayesema "babu yangu alitoka hapa" anasikika kama mtu aliyekuja kudai shamba, na mzee mmoja aliniuliza waziwazi kama nimekuja na mwanasheria. Nilijifunza kusema mapema, mbele ya mtendaji wa kijiji na wazee, kuwa sihitaji kitu chochote ila habari. Kuna hatari ya upande wa pili pia, yaani ukarimu. Mzee mwingine hakunisikiliza hata dakika kumi akaniambia, "Huyo ni wa kwetu, karibu nyumbani," akaagiza kuku akamatwe. Ningeondoka na ukoo kamili jioni ileile. Tangu siku hiyo sitangulizi habari za babu. Nakaa, nasalimia, nauliza ni akina nani wa nyumba hii waliokwenda Tanga wakalowea, kisha nasubiri waanze wao.

Na walianza. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake. Jioni, wazee wa familia walipokusanyika kula pamoja, desturi wanayoiita sengu, mmoja wao alinitajia watangulizi wake mfululizo, kutoka kwa baba yake kurudi nyuma, akafika kwa mtu aliyefyeka kilima kile kwa mara ya kwanza, akanyamaza. Nikamuuliza kabla ya hapo ni nani. Akajibu, "Kabla yake hatukuwa hapa." Hakuwa amesahau. Majina yale ndiyo hati yake ya ardhi, na hati inaanzia pale umiliki unapoanzia. Ukiisoma nasaba bila kujua inalinda nini, utaishangaa kwa kuwa fupi.

Nilijaribu na vitabu vya ubatizo. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, misheni ikachomwa wakati wa Maji Maji, ikajengwa upya, na Wamatengo wengi mno ni Wakatoliki. Padre wa parokia moja alinifungulia kabati na kunisaidia Kilatini. Lakini miaka ninayoitaka ndiyo ileile ambayo Waingereza walikuwa wamewakamata na kuwaondoa mapadre wa Kijerumani, na kurasa zake ni chache. Waliobatizwa wakubwa baadaye waliandikwa Yohani, Yosefu, Petro, na majina ya baba zao ni ya koo kubwa, Ndunguru, Kapinga, Hyera, Komba, ambazo kila kilima kinazo.

Binamu yangu aliyeko Canada anasema tupime vinasaba tumalize ubishi. Sipingi. Ila tukumbuke kilichotokea Berlin. Mwaka 2023 watafiti wa huko waliokuwa wanachunguza mafuvu takribani 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni walitangaza kuwa wamewapata Tanzania ndugu walio hai wa baadhi ya watu hao. Kipimo kilifanikiwa kwa kuwa fuvu mojawapo lilikuwa na neno "Akida" lililoandikwa juu yake, na kwa kuwa Uchagani kuna familia ambazo zaidi ya miaka 120 ziliendelea kusimulia nani alinyongwa pamoja na chifu wao Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Maabara ilihitaji kujua ikamtoe nani mate. Bila masimulizi ya nyumbani, kipimo kinakuambia unafanana na watu wa kusini mwa Tanzania, jambo ambalo kipande cha babu kilikwisha niambia bure.

Upande wa bibi tuna ukimya wa namna nyingine. Vizazi viwili juu yake yupo mwanamke ambaye wazee wanamtaja kama "yule Mnyasa". Pwani, mtu aliyeitwa hivyo zamani mara nyingi alikuwa ameletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na hakuja kwa hiari. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, kwa hiyo kuna watu hai walioshikwa mikono na waliozaliwa ndani yake. Nilipouliza mbele ya watu, chumba kilinyamaza na chai ikaletwa upesi. Nikaona niishie hapo. Baadaye shangazi mmoja aliniita jikoni akanieleza anachokijua, kwa sharti kwamba nisikiandike mpaka yeye na dada zake watakapokuwa wameondoka. Kimehifadhiwa kichwani, na mwanangu mkubwa ameshaambiwa. Hatujui, lakini huenda mama yule na babu yangu walitoka milima inayotazamana.

Nyumba tatu za Mbinga zina kijana aliyefiwa na mama wakati wa mafua, akaenda Tanga na hakurudi. Babu anaweza kuwa wa mojawapo, au asiwe wa hata moja. Kwa hiyo ninaomba. Kama kwenu, kati ya Kigonsera na Litembo au popote Umatengo, anatajwa mvulana aliyezaliwa Wajerumani waliporudi, mtu wa mkono wa shoto, mwenye kovu la moto juu ya goti la kulia alilolipata akiwa mdogo, ambaye alipanda lori la Silabu mwaka 1944 au miaka michache baada ya hapo, waulizeni wazee mama yake aliitwa nani. Msiwaambie niliyoandika hapa. Waacheni waseme wenyewe, andikeni jina la aliyesema na siku aliyosema, kisha mtutafute Muheza. Bibi amevuka miaka tisini na anataka kujua ukweni kwake ni wapi.